Jinsi ya kuielewa potasiamu kwenye ubongo uliokatiwa damu, bila kuchanganyikiwa

Kama umewahi kusoma mambo ya kiharusi ukakuta ukurasa mmoja wanasema chaneli za potasiamu (vijitundu vya kupitishia potasiamu kwenye utando wa seli) zinaokoa seli za ubongo, ukifungua mwingine wanasema hizohizo ndo zinaziua, basi tuko pamoja. Mi nilikaa na huo mkanganyiko muda mrefu sana, na kumbe tatizo lilikuwa swali lenyewe, nilikuwa nauliza "nzuri au mbaya?" wakati inatakiwa uulize "dakika ya ngapi, na kwenye seli gani?". Hapa chini naweka njia niliyoitumia kuipanga hii mada kichwani. Chukua karatasi, peni na kalkuleta ya simu, na uchore kweli, maana ukisoma kwa macho tu leo utaona umeelewa, kesho asubuhi hamna kitu.

Kabla ya yote, potasiamu ninayoisema hapa ni ile ya ndani na nje ya seli za ubongo, sio ya kwenye chakula wala vidonge. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, kwa hiyo potasiamu ya damu inaweza kucheza kati ya milimole 3.5 na 5 kwa lita na ile inayozunguka niuroni, yaani seli za ubongo zinazopeleka ujumbe, ikabaki karibu 3 tu. Asije mtu akasoma hii akaanza kumpa mgonjwa potasiamu au kumnyima. Mtu akipooza ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayaeleweki, ni hospitali muda huohuo, hizi habari za chaneli utasoma baadaye.

Anza na seli moja nzima

Chora duara kubwa katikati ya karatasi, hiyo ni niuroni. Ndani andika K (potasiamu) 140, nje andika K 3. Ndani andika Na (sodiamu) 12, nje 145. Kalsiamu nje 1.2, ndani ni kidogo mno, nje inazidi ndani karibu mara elfu 10. Vipimo vyote ni milimole kwa lita ila usihangaike navyo sana, wewe angalia tu jinsi vitu vilivyokaa kinyume: potasiamu imejazana ndani inatafuta pa kutokea, sodiamu na kalsiamu ziko nje zinagonga mlango ziingie.

Sasa weka pampu kwenye ukingo wa duara. Kila ikizunguka mara moja inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, inakula ATP 1, ATP ndo mafuta ya seli. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, Nobel akaja kuipata 1997, yaani miaka 40 baadaye, subira ya kweli hiyo. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni mtu akiwa amepumzika, na sehemu kubwa ya hiyo nishati inaishia kwenye hizi pampu. Andika pembeni kwa herufi kubwa: PAMPU INAKULA, CHANELI HAILI. Chaneli ni tundu tu lenye mlango. Mlango ukiwa wazi ioni, yaani chembe zenye chaji kama hizo potasiamu na sodiamu, zinapita zenyewe kwa mamilioni kwa sekunde, wakati pampu inahamisha mamia tu. Fikiria ndoo iliyotoboka chini na wewe unaijaza kwa kikombe, siku ukichoka mkono ndoo haingoji.

Hiyo ndo iskemia kwa kifupi. Damu ikikatika, oksijeni na glukosi hazifiki, ATP inaisha, kikombe kinasimama, matundu yako palepale.

Piga hesabu, usiiruke hii

Hapa ndo watu wengi wanaruka halafu wanakuja kupotea mbele. Kuna fomula inaitwa ya Nernst, inakwambia potasiamu peke yake ingetaka umeme wa utando wa seli uwe kiasi gani. Kwa joto la mwili ni 61.5 mara logi ya (nje gawanya kwa ndani). Weka 3 gawanya 140, chukua logi, zidisha, utapata kama -103 milivolti. Niuroni ikiwa imetulia iko kama -70. Maana yake chaneli ya potasiamu ikifunguka kwenye seli yenye afya inauvuta umeme ushuke kuelekea -103, na seli iliyoshuka hivyo ni ngumu kuichokoza. Imetulia. Ndo maana wanasema kufungua chaneli za potasiamu kunalinda.

Rudia ukiweka 10 nje badala ya 3. Unapata karibu -70. Ona, ile nguvu ya kuvuta chini imekwisha, chaneli ikifunguka seli inabaki palepale ilipokuwa. Sasa weka 60. Inakuja kama -23. Hapo hata ufungue chaneli zote za potasiamu ulizonazo hazitulizi chochote, zenyewe zinaishikilia seli ikiwa imewaka. Chaneli ni ileile, mlango uleule, kilichobadilika ni namba ya nje. Hizo namba 3 (-103, -70, -23) ziandike kwenye kona ya karatasi uzizungushie duara, tutazirudia mpaka mwisho.

Mi kwenye mtihani mmoja niliandika kwa kujiamini kabisa "potasiamu ikitoka, seli hutulia", nukta. Mwalimu hakukata, aliandika tu pembeni kwa wino mwekundu: inatoka inaenda wapi? Nilikasirika kidogo, ila ndo swali lililonifungua macho. Haiendi mbali. Nafasi iliyopo katikati ya seli za ubongo ni finyu sana, kama asilimia 20 tu ya ujazo wote, na iskemia ikianza seli zinavimba, ile nafasi inapungua hadi nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo ioni chache zikitoka, nje kunajaa haraka mno. Ni kama watu wanatoka ukumbini wanaishia kwenye korido nyembamba, na korido yenyewe kuta zinasogea.

Chora mstari wa muda

Geuza karatasi, piga mstari mrefu kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzo andika 0, damu imekatika kabisa, kwa mfano moyo umesimama.

Kwenye kama sekunde 10 mtu anapoteza fahamu, na haichukui muda mawimbi ya umeme ya ubongo yanalala flati. Watu wanadhani hapo seli zimekufa, hapana, zimenyamaza tu. Na kunyamaza kwenyewe kunachangiwa na chaneli za potasiamu: ATP ikipungua adenosini, yaani mabaki ya ATP iliyotumika, inarundikana, adenosini inafungua aina fulani ya chaneli za potasiamu na kuzuia glutameti (kemikali inayozichokoza niuroni) isimwagwe, halafu zile chaneli zinazofungwa na ATP zinaanza kuachia. Namba ya nje bado iko karibu na 3, kwa hiyo uko kwenye -103, kufungua kunatuliza kweli. Kwa hizi sekunde, chaneli ni rafiki.

Kati ya dakika 1 na 3 potasiamu ya nje inapanda polepole hadi kama 10. Halafu ukuta.

Ngoja nikae hapa kidogo maana hii nimeiona kwa macho. Kuna elektrodi nyembamba ya kioo, ncha yake inajazwa kimiminika chenye valinomaisini ambayo inashika potasiamu na karibu haijali sodiamu, unaichomeka kwenye kipande cha ubongo wa panya kilicho hai. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala. Tukakata oksijeni na glukosi. Ukaanza kunyanyuka kidogokidogo, wa kuchosha, mpaka mwenzangu akaanza kuangalia simu. Kwenye kipande inachelewa kuliko kwenye mnyama mzima, unasubiri dakika kadhaa. Kisha bila taarifa yoyote mstari ukasimama wima, ndani ya sekunde chache ulishapita 50, na kipande chenyewe chini ya hadubini kikabadilika rangi, kikawa kama kinapitisha mwanga zaidi, mabadiliko yakitembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine taratibu kama maji yanavyoloanisha kitambaa. Kulikuwa hakuna kelele wala nini. Ila ukijua kinachotokea ndani unajisikia vibaya.

Huo ukuta ndo kuporomoka kwa umeme wa seli kunakoletwa na kukosa oksijeni. Potasiamu ya nje inafika 50 hadi 80, sodiamu na kalsiamu zinaingia kwa kishindo, kalsiamu ya nje inaanguka kutoka 1.2 hadi karibu 0.1, maana imeingia ndani ya seli. Maji yanafuata sodiamu na kloridi, seli inavimba. Na kuna jambo moja linasahaulika: ile mashine inayorudisha glutameti ndani ya seli inafanya kazi kwa kuingiza sodiamu na kutoa potasiamu. Potasiamu ikijaa nje na sodiamu ikijaa ndani, mashine inaenda rivasi, inaanza kumwaga glutameti nje badala ya kuifagia. Glutameti inafungua vipokezi vya NMDA, milango ya kwenye utando inayoitikia glutameti, kalsiamu inaingia zaidi, na hata hivyo vipokezi vyenyewe vinaitoa potasiamu ndani kwenda nje. Chora mishale, utaona imejifunga duara. Kwenye mstari wako hapo andika -23.

Wimbi la kutembea la namna hiyo, kama yale mabadiliko niliyoyaona kwenye kipande, lilielezwa na Aristides Leão, Mbrazili aliyekuwa Harvard, mwaka 1944 akifanya kazi na sungura. Linaenda milimita 2 hadi 5 kwa dakika, mwendo wa konokono. Potasiamu iliyojaa nje ya seli moja inaiwasha jirani, jirani naye anamwaga ya kwake, na kuendelea. Kwenye ubongo wenye damu ya kutosha wimbi linapita na seli zinajirudi. Kwenye ubongo wenye njaa kila wimbi ni deni jipya.

Sasa weka ramani juu ya muda

Kiharusi cha kawaida cha mshipa kuziba sio kama moyo kusimama, damu haikatiki sawasawa kila mahali. Chora duara dogo ndani ya duara kubwa. Dogo ni kitovu, kubwa ni ukanda wa pembeni, wenyewe wanaita penumbra. Mtiririko wa kawaida wa damu ni kama mililita 50 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Ukishuka hadi kati ya 15 na 20, umeme wa niuroni unanyamaza. Ukishuka chini ya kama 10 ndo potasiamu inamwagika yote.

Hii ilipimwa na kina Astrup, Branston na Symon kwenye nyani, wakatoa mwaka 1977, na ndo kitu kilichonifanya niipende hii mada. Waliona kumbe kuna vizingiti 2 tofauti, na kati yake kuna ubongo ambao umenyamaza lakini bado umeshikilia potasiamu yake. Yaani seli haifanyi kazi, mgonjwa mkono hauendi, ila haijafa. Ukisikia daktari anasema "kuna sehemu bado ya kuokoa", mpaka wa hiyo sehemu kwa mara ya kwanza ulichorwa kwa kupima potasiamu. Mi naona kila anayefundisha kiharusi angeanzia hapa badala ya kuanza na orodha ya dawa.

Ukanda huo unapigwa na mawimbi ya Leão yanayotoka kwenye kitovu, na hapa zile namba 3 zinarudi kwa namna ambayo sikuitegemea. Mishipa midogo ya damu nayo ina chaneli za potasiamu kwenye misuli yake, na misuli hiyo imekaa kama -40. Potasiamu ya nje ikipanda kidogo, tuseme 10, chaneli hizo zinaivuta misuli kuelekea -70, inalegea, mshipa unatanuka, damu inaongezeka. Safi kabisa. Ila ikipanda hadi 60, inavutwa kuelekea -23, misuli inakaza, mshipa unabana. Kwa hiyo wimbi lilelile ambalo kwenye ubongo mzima linaleta damu zaidi, kwenye ubongo mgonjwa linaweza kuikata hata ile iliyobaki. Kitovu kinakula ukanda.

Panga chaneli kwa kuuliza nani anazifungua

Ziko chaneli za potasiamu za jeni zaidi ya 70, ukijaribu kuzikariri kwa majina utaumwa kichwa bure. Zipange kwa kitu kinachozifungua, halafu kila moja ibandike kwenye mstari wako wa muda.

Ya kwanza ni ile inayofungwa na ATP, K-ATP. Akinori Noma aliionyesha kwenye seli za moyo mwaka 1983, kwenye niuroni imeundwa na protini za Kir6.2 na SUR1, nne nne. ATP ikiwepo imefunga, ikiisha inafunguka, kama taa ya mafuta kwenye dashibodi isipokuwa hii inazima na injini kidogo ili uokoe mafuta. Panya waliotolewa Kir6.2 wakipungukiwa oksijeni wanapata degedege haraka kuliko wa kawaida, ilionyeshwa 2001. Ibandike dakika za mwanzo.

TREK-1 inafunguliwa na utando ukivutwa, na tindikali ndani ya seli, na asidi ya arakidoniki. Angalia hiyo orodha: seli kuvimba, laktiki kujaa, mafuta ya utando kuvunjika, vyote ni vya iskemia, unaweza kudhani imetengenezwa kwa ajali hii tu. Panya wasio nayo waliumia zaidi na iskemia kwenye kazi ya 2004. Ndugu yake TASK ana tabia ya kinyume, tindikali ya nje inamfunga, kwa hiyo usiwaweke kapu moja kwa sababu tu wako familia moja.

BK inahitaji kalsiamu na umeme kupanda kwa pamoja, na iko hadi kwenye ncha za kutolea glutameti. Ni breki ya dharura, inashika pale mambo yameshaanza kuharibika. Kir4.1 iko kwenye asitrosaiti, seli zinazozihudumia niuroni, kazi yake ni kufyonza potasiamu iliyozagaa na kuisambaza kwenda kwa majirani, iandike kama mfagiaji na usonge mbele, ila kumbuka mfagiaji anazidiwa potasiamu ikifika ukutani.

Kv2.1 ndo ya kukaa nayo muda mrefu, kwa sababu ndani ya chaneli moja umebeba ule mkanganyiko wote. Kwa kawaida imekaa kwenye mwili wa niuroni kwa mafungu, ukiipaka rangi inayong'aa unaona madoadoa kama ngozi ya chui. Iskemia ikija, kalsiamu inawasha kimeng'enya cha kalsinyurini, kinaitoa fosfeti, mafungu yanasambaratika, chaneli inaanza kufunguka kwa umeme wa chini zaidi. Matokeo, seli inakuwa mvivu kuchokozeka, ni kinga.

Subiri masaa sasa. Damu imerudi, imekuja na oksijeni na yale makemikali makali ya oksijeni. Zinki iliyokuwa imefungwa ndani ya seli inaachiwa, inawasha kimeng'enya cha p38, p38 inaigusa Kv2.1, na chaneli mpya zinapelekwa kwa wingi kwenye utando. Potasiamu inatoka, na safari hii nje kumeshasafishwa, kwa hiyo mtelemko upo, inatoka kweli. Ile 140 ya ndani inashuka vibaya. Na hapa kuna siri: potasiamu nyingi ndani ya seli ndo inayozishikilia kaspesi (vimeng'enya vya kuua seli) na vimeng'enya vya kukata DNA visiamke. Ikipungua, vinaamka. Seli inasinyaa na kujiua yenyewe kwa utaratibu.

Linganisha vifo 2 ulivyonavyo kwenye karatasi. Kwenye ukuta wa dakika za mwanzo seli inavimba hadi inapasuka, tatizo ni potasiamu iliyojaa nje. Baada ya masaa au siku seli inasinyaa, tatizo ni potasiamu iliyopungua ndani. Mwaka 1997 Yu, Choi na wenzao walionyesha kwenye niuroni zilizokuzwa kwenye sahani ya maabara kwamba ukizuia potasiamu isitoke kwa kutumia TEA, dawa ya kuziba chaneli, au ukiongeza potasiamu nje kupunguza mtelemko, seli nyingi zinaepuka huko kujiua. Mtu akisoma hiyo bila mstari wa muda atasema "aah, kumbe potasiamu ya nje ni nzuri". Hapana bwana, hiyo ni sahani, mtafiti ndo anaamua nje kuwe na nini.

Mikroglia, askari wa ubongo, nao wana za kwao kama Kv1.3 na THIK-1, na potasiamu ikitoka kwao inawasha NLRP3, kiwashio cha mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe. Ziweke mwisho wa mstari, siku zinazofuata.

Ukikutana na pepa (makala ya utafiti), iulize haya

La kwanza, dawa iliwekwa saa ngapi? Ukikuta "ilitolewa nusu saa kabla ya kuziba mshipa", ni matokeo halali ya kuelewa kazi ya chaneli, lakini hakuna mgonjwa anayepiga simu nusu saa kabla ya kiharusi.

La pili, dawa ni safi kiasi gani? TEA na mwenzake 4-AP zinaziba chaneli nyingi kwa mpigo, ukisoma "tulitumia TEA kwa hiyo ni Kv2.1" cheka kidogo halafu angalia kama walitoa na jeni. Iberiotoksini ya nge inaziba BK na apamini ya nyuki inaziba SK, aina nyingine ya chaneli za potasiamu, hizo zinaaminika zaidi. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, ni mtego mkubwa, maana inashika SUR1, na SUR1 baada ya iskemia inaungana pia na TRPM4 ambayo sio chaneli ya potasiamu kabisa, inapitisha sodiamu na kuleta uvimbe. Kwa hiyo mtu akisema glibenklamidi imepunguza uvimbe wa ubongo wa panya, haimaanishi kufunga K-ATP kumesaidia, inawezekana kilichosaidia ni ile nyingine. Kwa binadamu, jaribio kubwa la kuipitisha mshipani kwa wenye kiharusi kikubwa halikuonyesha faida kwenye lengo kuu.

La tatu, walipima joto la mnyama? Ubongo ukipoa kidogo tu ule ukuta unachelewa. MK-801, kizuizi cha NMDA, kwenye mwaka 1990 ilionekana kwamba sehemu kubwa ya ulinzi wake kwa panya jangwa ilikuwa ni kwa sababu dawa iliwapoza. Tangu nisome hiyo nikifungua pepa natafuta neno "joto" kwanza kabla hata ya grafu.

Na usishangae kilichofanya kazi kwa panya kikianguka kwa watu. BMS-204352 ilikuwa ya kufungua BK, kwa panya ilipunguza eneo la kufa hata ikitolewa masaa baada ya kuziba, nadharia yake nzuri kweli, breki inayoshika pale tu kalsiamu imepanda. Awamu ya 3 kwa wagonjwa haikuwashinda waliopewa dawa bandia.

Jijaribu kabla hujafunga karatasi

Swali moja: mtu anapendekeza kufungua K-ATP kwenye kitovu masaa 3 baada ya mshipa kuziba. Jibu liko kona ya karatasi, nje kumeshafika 60, unavuta kuelekea -23, hamna kitu cha kutuliza. Kwenye ukanda wa pembeni ambako potasiamu bado imeshikiliwa ni mjadala mwingine, hapo bado kuna maana.

Swali lingine: kizuizi cha Kv2.1, utakitoa dakika ya 2 au saa ya 6 baada ya damu kurudi? Ukisema dakika ya 2 umeondoa breki wakati gari linateremka. Saa ya 6 ndo ina hoja, kwa sababu pale kazi yake imeshageuka.

La mwisho fanya mwenyewe: potasiamu ya nje ni 25, ndani acha 140. Ukipata -46 uko sawa, na kwa mshipa uliokaa -40 ina maana karibu hautanuki wala haubani. Ukipata +46, umegeuza nje na ndani, rudia.